Yamini ya Watu Sita

Mimi napika vitumbua. Nalisema hilo kwanza kwa sababu watu wa mjini wakija na karatasi zao huniandika "mwanaharakati", na neno hilo likitamkwa mimi hugeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Kitumbua nakijua: mchele uuloweke usiku kucha, tui lisiwe jepesi, chuma kipate moto sawasawa kabla hujamimina. Uanaharakati sikuusomea popote. Nilisukumwa humo na hasira, na kabla ya hasira kulikuwa na kosa, na kosa hilo nililifanya mwenyewe, mchana kweupe, kando ya lori, akili zangu zote ninazo.

Kijiji chetu kiko pembeni ya barabara kuu, chini kidogo ya Olumbi ukiwa unaelekea Mocímboa. Vita vilitutoa, tukaishi kwenye mahema ya ugenini, kisha tukarudi. Tuliporudi, zahanati yetu ndogo ilikuwa imebaki kuta. Bati limeng'olewa, mlango umeng'olewa, hata lile kopo la kutupia sindano mtu kaona lina kazi kwake. Dawa ikawa ni mjini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, maana waliotukwaza wengi wameshahamishwa, na waliobaki tunasalimiana vizuri. Kufika huko upande lori, na lori haliondoki mpaka lipate eskolta, yaani magari ya askari ya kulisindikiza. Mara mbili kwa wiki, wakipenda.

Kijijini tulikuwa watu sita tunaokunywa dawa za ukimwi na kujuana. Hospitali yenyewe ndiyo iliyotufundisha mtindo wa kundi tangu kabla ya vita: kila mwezi mmoja wenu anakwenda na kadi za wote sita, anachukua dawa za wote, anawaletea. Mwezi ujao zamu ya mwingine. Kwa hiyo kila mtu anapanda lori mara mbili tu kwa mwaka. Ni mtindo mzuri, siulaumu. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa, maana watu kuja kwangu asubuhi si habari. Wale watano wangu wakija kununua, chini ya kitumbua cha mwisho kulikuwa na kifuko.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wa chuo, yule aliyewasomesha watoto wetu Kurani kwenye banda la nyuma ya msikiti. Kwa umri ni sawa na mdogo wangu wa mwisho, lakini ukimwona na kofia yake na miwani iliyofungwa uzi, unashusha sauti. Wengine, si mimi. Mimi na yeye tulikuwa tunataniana kila siku ya Mungu. "Mama," ananiambia, "vya leo ukinipa vitatu zaidi naanzia msingi wa nyumba." Nami namjibu, "Na wewe kwa adhana yako ya leo, mbuzi wa jirani hajarudi mpaka sasa." Basi anacheka mpaka anakohoa, na mwaka ule kikohozi kikawa hakikomi baada ya kicheko.

Kilikuwa kifua kikuu. Alikwenda mjini mwenyewe, akapimwa, akapewa dawa za miezi sita. Muuguzi alimwambia, nami nilikuwa nimemsindikiza: usikose hata siku moja, ukikatisha, ugonjwa utarudi una hasira, na dawa hizi zitakuwa kwako kama maji. Mwezi wa kwanza alikuwa mifupa. Mwezi wa tatu akaanza kupata mashavu, na sauti ikarudi. Watoto hawakujua. Wazazi wao waliambiwa ni pumu.

Yeye ndiye aliyeleta jambo la yamini. Ilikuwa jikoni kwangu uani, baada ya sala ya alasiri, kundi letu lilipoanza tena baada ya vita. Alikuja na msahafu umefungwa kitambaa cha kijani, akatutaka wote tutie udhu. Tulikuwa mimi, yeye, mvuvi mmoja na mkewe, bibi mmoja mtu mzima kuliko mimi, na mke mdogo wa watu, mwenye mwaka mmoja tu tangu aolewe, ambaye mumewe hakuwa na habari yoyote. Mmoja mmoja tukaweka mkono: wallahi, billahi, tallahi, sitalitaja jina la mwenzangu kwa kiumbe yeyote, mpaka nakufa. Yule mke mdogo alilia wakati anasema. Mimi niliona sawa kabisa. Pwani hii jina lako likishatoka, kanga yako haianikwi tena kamba moja na za wengine. Nani atampeleka mwanawe kusoma kwa mwalimu mwenye ukimwi? Tulikula yamini, tukanywa chai, tukaagana.

Mwezi ule wa tatu wa dawa zake za kifua, zamu ya kwenda mjini ilikuwa yangu. Hospitalini nilipewa dawa bila matata, kila mtu chupa yake, na za mwalimu zaidi, zile za kifua, karatasi za vidonge vyekundu zimefungwa kwa mpira. Nikafanya tulivyofanya siku zote. Chupa ya vidonge ikitikiswa hulia, na mlio ule kila mtu huku anaujua ni wa nini, kwa hiyo nilizifunga mojamoja kwa matambara, nikazizika ndani ya ndoo ya mchele. Kadi zetu sita nikazitia kifuani, ndani ya sidiria, nikafunga kanga juu yake.

Lori lilijaa, na nusu ya watu walikuwa wa kijijini kwetu. Ubavuni pangu aliketi wifi yake yule mke mdogo, dada wa mumewe. Mwanamke huyo, Mungu anisamehe, ukimnong'oneza neno asubuhi, adhuhuri umeshalisikia kisimani. Njia nzima alikuwa ananiuliza mjini nimefuata nini. Mchele, nikamwambia, si unauona.

Kizuizini, pale askari wanapokagua magari, tukashushwa. Si jambo geni, hushushwa kila safari. Tukapangwa mstari, vitambulisho mkononi. Askari aliyekagua alikuwa kijana, mtu wa kusini huko, Kiswahili hajui, anasema Kireno chake na dereva wa lori anatafsiri. Alikuwa na tabia moja. Akipokea kitambulisho analisoma jina kwa sauti kubwa, jina zima, lako na la baba na la ukoo, kama mwalimu anaita mahudhurio, kisha ndipo anakutazama usoni. Alivyokuwa anayavunjavunja majina yetu tulikuwa tunacheka chinichini, hata mimi.

Kisha akatia mkono kwenye ndoo yangu.

Akatoa chupa ya kwanza, akafungua tambara. Akatoa ya pili. Kufika ya nne uso wake ulikuwa umeshabadilika, na mwenzake mwenye bunduki akasogea. Akauliza dawa hizi za nani, na kwa nini zimefichwa. Dereva akanitafsiria taratibu, mtu mwenye adabu yule: "Mama, anasema watu wa porini, wale wa vita, wanatafuta sana dawa. Anayebeba dawa nyingi lazima awe na karatasi yake. Anauliza, unayo?"

Karatasi nilikuwa nayo. Nilikuwa nazo sita, zimegandana na ngozi yangu kwa jasho. Kila kadi ina muhuri wa hospitali na jina la mtu. Ningemtolea, angezisoma, kwa sauti ileile, jina zima, mmoja baada ya mwingine, na wifi mtu amesimama hatua mbili kutoka nilipo, shingo ameinyoosha. Nikakiona kile kitambaa cha kijani. Nikaona mkono wangu juu ya msahafu.

"Dawa za tumbo," nikasema. "Zangu mwenyewe."

"Chupa sita?"

"Tumbo lenyewe si mnaliona."

Watu wakacheka. Huo ndio mdomo wangu, mpaka kwenye kitanda cha jeneza utakuwa na mzaha. Askari hakucheka. Akazitia chupa kwenye gunia, na zile karatasi za vidonge vyekundu juu yake, mchele akanirudishia. Hakunipiga wala hakunitukana, nasema kweli asije mtu akadai nimetia chumvi. Alisema nikileta karatasi nitapewa. Dereva akanivuta kanga pembeni: "Mama, kama unayo, itoe sasa." Nafasi nilikuwa nayo, basi, si moja. Askari alikuwa bado anakagua watu watano nyuma yangu, na gunia liko pale miguuni mwake. Ningeweza kumwita kando. Lakini mwanamke mtu mzima kuomba kwenda kando na askari, mbele ya kijiji kizima, wangeelewa nini? Na yamini haikusema usitaje kwa sauti. Ilisema usitaje. Lori likawashwa, nikapanda.

Mwalimu nilimwambia jioni ileile, kibarazani kwake. Nilitegemea atanigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, kama kadi zilionekana. Nikamwambia hazikuonekana hata moja. Akafumba macho, akasema, "Umetimiza yamini, mama. Mungu atakulipa." Nilikwenda nyumbani nimeinua shingo. Wallahi, nilijiona mtu.

Zile dawa zetu za pamoja kila mtu alikuwa na akiba ya siku chache, tukachanga, mwalimu naye akapata. Lakini za kifua alizinywa yeye peke yake katika sita, na zilikuwa zimembakia za siku nne.

Nilirudi mjini na eskolta iliyofuata, nayo safari hii ilichelewa wiki mbili. Kizuizini zamu ilikuwa imebadilika, gunia hakuna anayelijua. Hospitalini wakafungua daftari: kundi lenu limeshapewa mwezi huu, saini hii hapa ni yako. Zimechukuliwa njiani, nikasema. Basi lete karatasi ya polisi. Nikaenda polisi. Wakauliza, kilichopotea ni nini, ni dawa ya ugonjwa gani, ya nani. Nikatoka. Nikarudi hospitalini, nikamwambia mtu wa dirishani, nisaidie angalau hizi za kifua, mgonjwa anakwisha. Akasema za kifua zikitolewa mara ya pili, mgonjwa aje mwenyewe. Hawezi kusimama, nitamleta mgongoni toka kijijini? Basi alete guia, akasema, ile barua ya kumhamishia mgonjwa kituo kingine, iandikwe na mkuu wa zahanati ya kijijini kwenu.

"Zahanati ya kijijini kwetu ni kuta nne na mbuzi," nikamwambia. "Aandike mbuzi?"

"Mama, huo ndio utaratibu."

Nilipiga dirisha lile kwa kiganja mpaka walinzi wakaja. Pale ukumbini walikuwepo wanawake wengine, wakimbizi wa vijiji vya mbali, wamekaa chini na watoto wao, na mmoja akaniambia, "Usijichoshe, dada. Mimi nyumba yangu iliungua na kadi ndani yake. Mwezi wa pili huu wananiambia guia." Alisema kwa utulivu sana, na utulivu ule ndio ulionitia wazimu. Alikuwa amekonda, na hasira hana. Mimi nilikuwa nazo za watu wawili.

Mwalimu alikwisha haraka. Siku ya nane bila dawa homa ilikuwa imesharudi, siku ya kumi na mbili akakohoa kwenye kitambaa, akakikunja upesi nisione. Nilikiona. Chuo kilikuwa kimefungwa, lakini wanafunzi wakubwa walikuwa bado wanakuja uani kwake wamsomee, na yeye anawasahihisha akiwa amelala, mdomo ameufunika kwa mkono wa kanzu. Nikamwambia wakataze. Akasema nitawapa sababu gani? Kila mlango niliobisha ulitaka jina, na hata mlango wake mwenyewe.

Siku ya kumi na saba watu wa afya walikuja kijijini na klorini. Mvua zilikuwa zimeanza, kipindupindu kinasemwa. Tukakusanywa kwenye darasa lisilo na paa, wanaume mbele, sisi nyuma. Mkubwa wao alikuwa mtu wa pwani kama sisi, Kiswahili kizuri, shati limepigwa pasi. Akatufundisha kunawa mikono. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali, jinsi wanavyouliza watu wanaotaka kuondoka.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi nakunywa dawa za ukimwi, mwaka wa saba huu."

Shefe wa kijiji akaniambia, kaa chini, mama, hayo si ya leo. Sikukaa. Jina langu ni langu, halikuwa ndani ya yamini. Nikaeleza kizuizi, nikaeleza daftari na polisi na barua ya guia. Nikasema tunataka dawa zije hapa, kwa pikipiki, hata mara moja kwa mwezi, na leo hii kuna dawa moja isipokuja kuna mtu anakufa.

Yule mkubwa alinisikiliza vizuri. Akasema, "Mama, nakuheshimu kwa ujasiri wako. Lakini kwa mgonjwa mmoja siwezi kutoa pikipiki. Kwenye orodha yangu kijiji hiki hakina mgonjwa hata mmoja. Wewe mwenyewe humo umeandikwa unakaa mjini."

Na ni kweli. Siku ya kuandikishwa wote sita tulitaja mtaa wa mjini, ili jina la kijiji lisionekane. Tulijificha vizuri mno, tukafutika.

Nikawatazama wenzangu. Mvuvi alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Mkewe na yule bibi wameinamisha vichwa. Yule mke mdogo alikaa pembeni ya wifi yake, amejifunika mpaka puani, macho yake yananiomba nisimtazame. Nikayaondoa macho yangu. Sikuwachukia, wallahi. Mimi niliyaogopa hayohayo kizuizini nikiwa na dawa mkononi. Nilijua wakati ule kwamba hakuna atakayesimama, na kwamba mkubwa huyu akipanda gari lake, mwalimu kafa.

Basi nikamtaja. Jina lake na la baba yake, kwa sauti, kama alivyokuwa anasoma yule askari. Nikasema ana ukimwi na ana kifua kikuu, alikuwa anapona, na leo siku ya kumi na saba hana dawa. Nikasema, "Ndiye anayewasomesha watoto wenu. Akifa, tumemuua sisi tuliokaa hapa, na wa kwanza mimi."

Mama mmoja alimvuta mwanawe wa kiume aliyekuwa mbele, akamfuta mdomo kwa upindo wa kanga. Akamfuta na kumfuta. Mwanaume mmoja akanitukana, tusi la mama. Mkubwa wa afya akatoa kalamu, akaniuliza jina lile mara ya pili, akaliandika.

Nilikwenda kwa mwalimu moja kwa moja. Uani kwake hakukuwa na mtoto hata mmoja, na juzuu zao wamezichukua. Kwa hiyo alikuwa ameshajua. Nikakaa chini, nikamwambia, "Mwalimu, nimevunja yamini. Nimekutaja mbele ya watu wote. Nilaani ukitaka."

Akasema, "Ungeivunja kule kizuizini, mama."

Sikuelewa. Akaniambia yamini si kamba ya kujinyongea. Mtu akiapa, kisha akaona kuvunja ndiko kwenye heri, anavunja, na anatoa kafara: analisha masikini kumi, au anawavisha, na asiyeweza anafunga siku tatu. Alilisema kama anavyowaambia watoto wa darasa la kwanza, kwa kuhesabu vidole.

"Ulijua?"

"Nimelisomesha miaka yote."

"Mbona hukutuambia siku ile?"

"Niliogopa mtaivunja," akasema. Akageukia ukutani.

Nilitaka kumpiga, Mungu wangu. Mtu mgonjwa, mifupa mitupu, nilitaka kumpiga makofi. Badala yake nilichukua kitambaa chake nikaenda kukifua, maana hakukuwa na mwingine wa kukifua.

Dawa zilikuja siku ya nne baada ya mkutano, kwa pikipiki, na muuguzi nyuma yake. Alimpima, akatikisa kichwa kidogo, akasema alistahili kulazwa hospitalini, lakini kwa hali hii barabara itammaliza. Akaniachia mimi kazi ya kumnywesha. Kila asubuhi nilikwenda nikamtazama akimeza vile vidonge vyekundu, na kila asubuhi nilimchukulia kitumbua, na kila asubuhi alikigusa tu. Siku moja alisema, "Leo laini." Nikajua anaondoka, maana hakunitania. Alimeza siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikuta mlango uko wazi na dada yake anaweka maji ya kumwoshea.

Kuosha maiti walipatikana wanaume wawili tu, kijiji kizima. Mmoja wao alikuwa yule mvuvi wetu. Watu walimwonya, akasema yeye hana cha kuogopa kwa mwalimu, na wenye akili wakaelewa.

Baada ya arobaini nilikaanga ndoo nzima ya vitumbua, nikapanda lori. Mvuvi na mkewe walikuja, na yule bibi, na yule mke mdogo naye, uso wazi. Alikuwa amemwambia mumewe kwa kinywa chake. Mumewe hakumpiga wala hakumpa talaka. Alihamia kwa mama yake, na mpaka leo naandika yuko huko. Tulikaa kwenye baraza ya hospitali, chini, na wale wakimbizi wasio na guia wakaja kukaa nasi, yule dada mkondefu wa kwanza kabisa. Hatukupiga kelele. Kila mtu akiulizwa anafanya nini hapa, anataja jina lake, anataja ugonjwa wake, anakula kitumbua. Walinzi hawakujua watufanye nini. Mtu akipiga kelele unamtoa. Mtu anayesema jina lake taratibu unamtoaje? Eskolta ikaondoka bila sisi, na ya pili ikaondoka bila sisi. Ya tatu ilipokaribia, wakubwa wakatuita ndani.

Tulipata mambo matatu. Pikipiki ya dawa kijijini kila mwezi. Mkimbizi asiye na guia apewe dawa kwanza, barua itafutwe baadaye. Na karatasi ya mbebaji: "Aliyeshika karatasi hii amebeba dawa za hospitali," muhuri, saini, basi. Haina jina la mtu. Kuandikwa kwake hakukuchukua hata muda wa kukaanga chuma kimoja. Niliishika, nikaisoma, nikaisoma tena, na wenzangu wakidhani nalia kwa furaha.

Siku pikipiki ilipokuja mara ya kwanza, tulipanga mstari kwenye zile kuta za zahanati. Nilidhani tutakuwa watano. Tulikuwa mstari mrefu. Walikuwemo waliowaondoa watoto wao chuoni, na yule aliyenitukana. Na nyuma yangu palepale alisimama wifi yake yule mke mdogo, kadi mkononi, kuukuu, imechakaa kuliko yangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya vita." Kisha akaniambia, "Siku ile ya lori chupa yangu ilikuwa kwenye mkoba, chini ya sabuni. Ulipokamatwa wewe, niliomba Mungu wakushughulikie wewe tu wasifike kwangu. Na nilikuwa nakuogopa, dada. Mdomo wako ule."

Nilimwachia nafasi apite mbele yangu, akapita.

Kafara nimeitoa. Kulisha masikini kumi sikuweza, sisi wenyewe ndio hao kumi, basi nikafunga siku tatu, kwa kumtaja mwalimu mkutanoni. Siku ya tatu nilifuturu kitumbua kimoja na kidonge changu. Hiyo ndiyo kafara ya kuvunja. Kuna ile ya kizuizini, yamini ileile, niliyoitimiza mpaka mwisho mbele ya lori zima. Hiyo sijui nifunge siku ngapi, na wa kumuuliza ndiye huyo tuliyemzika.